Sahani ya Buluu ya Leyla

Small Heath, Birmingham
Ijumaa, 20 Februari 2026

Kwako kaka yangu Dalmar,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Osaka, na masikio yako yanavumiliaje baridi? Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi, mwezi umetuingia salama na leo ni funga ya tatu. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi za mabehewa kule bohari ya treni Tyseley, lakini nikishaanza kufagia hulisahau. Karatasi hii ataipiga picha binti yangu Iqra akutumie kwa simu. Kaniuliza kwa nini nisikupigie tu tukaongea, nikamwambia abti, mjomba wako, masikio ya simu aliyaacha ulingoni, na mimi vidole vyangu haviingii kwenye herufi zile ndogo. Basi tuvumiliane na mwandiko wangu wa darasa la saba.

Mgeni wako Shunpei alifika Jumanne, siku moja kabla ya mfungo. Uliniambia nimpokee bondia, nami nikatandika kitanda cha marehemu baba Iqra, kile kirefu. Kumbe! Mlangoni amesimama mtu mdogo wa umbo, ananifika begani, na begi lake kubwa kuliko yeye. Iqra alidhani ni mwanafunzi aliyepotea njia. Akavua viatu kabla sijasema neno, akavipanga vikitazama mlango, kisha akainama mpaka nikadhani ameangusha kitu. Nikasema moyoni, huyu kwao kuna wazazi.

Kiswahili ulichomfundisha, Mungu akusamehe. Anajua kushoto, kulia, rudi, kichwa, piga, pumua. Juzi nilikuwa namwonyesha choo kilipo, nikamwambia "kulia", akainua ngumi ya kulia.

Asubuhi anakwenda mazoezini Tyseley, ukumbini kwa yule Mkongo rafiki yako, Gustave. Tunapanda basi moja. Gustave anamwita "petit", yaani mdogo, nami ananiita mama ingawa ndevu zake zina mvi kuliko nywele zangu.

Sasa kuna jambo linanitia wasiwasi. Hali mchana. Siku ya kwanza ya mfungo nilimpikia mayai na chai, nikamwambia wewe si wa kufunga, kula baba. Akatikisa kichwa, akaninyooshea mkono mimi, akamnyooshea Iqra, kisha akajigusa kifua. Iqra anasema maana yake hawezi kula mbele ya watu wasiokula. Magharibi tunafuturu pamoja, na anachopewa anamaliza mpaka punje ya mwisho. Nikiiona sahani nyeupe hivyo najua bado ana njaa, namwongeza. Naye anamaliza tena. Je, kwao wanashiba saa ngapi?

Na wewe utafika lini? Kila jioni ananiuliza "Dalmar?" huku akionyesha juu, kwenye ndege. Nijibu haraka nijue la kumwambia.

Dadako,
Khadijo


Osaka
22 Februari 2026

Abaayo Khadijo,

Waaleikum salaam. Mimi mzima. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linafanya kazi ya mawili. Ramadhani njema kwako na kwa Iqra.

Nimecheka, halafu nikaogopa. Nisikilize vizuri. Shunpei anapigana uzani wa fly. Maana yake siku ya mizani, Ijumaa tarehe 13 Machi, asizidi kilo hamsini nukta nane. Akizidi, hakuna pambano. Kwao sahani humalizwa ili mpishi asione amedharauliwa. Kwetu sahani iliyomalizwa ni ya mtu aliyenyimwa. Mkiachwa hivyo wawili mtauana.

Mpe yai, samaki wa kuchemsha, wali kiganja kimoja. Samli hapana. Najua mkono wako, Khadijo. Samli hapana.

Nikueleze kwa nini nasisitiza. Huyu mtu ana miaka thelathini na sita. Alianza ndondi za kulipwa akiwa kijana, akitengeneza baiskeli katika duka la mjomba wake, na mpaka leo bado anazitengeneza. Mara mbili amepigania mkanda wa Japani, na mara zote mbili majaji wakampa mwenzake. Ile ya pili alivunjika mkono katikati ya pambano akaendelea hadi kengele ya mwisho bila kuniambia, nikagundua nilipomvua glavu. Hapa ukumbini kwetu kila bondia ana kibao cha mti ukutani chenye jina lake. Mwenye ukumbi ameniambia waziwazi: akipoteza Birmingham, au asipopigana, kibao kinashushwa. Hakipandishwi tena.

Mpinzani wake ni Xavier, kijana wa Washwood Heath, hajawahi kupoteza. Ndiye mwenye mkanda.

Hicho Kiswahili nilimfundisha makusudi. Kona ikipiga kelele kwa Kiswahili, mpinzani hajui linalokuja. Gustave ataendelea nacho mpaka nifike. Viza bado naisubiri, mwambie hivyo. Nijibu upesi kuhusu uzani.

Kakako,
Dalmar


Small Heath
Jumapili, 1 Machi 2026

Kaka Dalmar,

Asalaam aleikum. Natumai funga haikulemei, maana huko Iqra ananiambia hata adhana huisikii hewani. Sisi tu salama.

Mgeni yu salama pia. Mtaa mzima unampenda. Kila jioni nikienda tarawehe ananisindikiza, kisha anasimama nje ya mlango wa msikiti ananingoja anibebee mfuko. Watu wakimpa salaam anainama na kujibu "Aleikum". Basi Leyla, yule wa Nakuru, sasa jirani yangu wa mlango wa pili, akamwona, na siku ya pili yake akaleta sambusa kwenye ile sahani yake ya buluu. Unajua sahani ya mtu hairudi tupu, nikairudisha na kaimati. Kesho yake ikaja na biriani. Nikairudisha na mahamri. Wenzake Leyla nao hawakutaka kupitwa, sasa hapa jikoni nina sahani za watu mpaka juu ya friji.

Shunpei aliniona nikijaza sahani ya Leyla akaniuliza kwa mkono, kwa nini? Iqra akamweleza. Basi akaitazama ile sahani, akaiinamia. Nilicheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

Uzani nao, Inshallah, utakaa sawa. Mungu ni mwema.

Viza imefika wapi? Nijibu haraka, anauliza.

Dadako,
Khadijo


Osaka
5 Machi 2026

Khadijo,

Samahani, leo sina salamu ndefu. Gustave amenitumia picha ya mizani. Shunpei alifika kwako na kilo hamsini na tano, na leo ana hamsini na sita. Bondia gani ananenepa Ramadhani?

Gustave anasema "petit" anakimbia na nguo za mpira hadi kwenye kiwanda cha kuchomea taka na kurudi, jasho linamwagika, na kesho yake uzani uko palepale. Nilimwuliza Shunpei mwenyewe. Jibu lake: "Dada yako na majirani wananiheshimu sana." Huyo hatasema hapana, hata ukimpa ndoo.

Nani anamlisha, na kwa nini humzuii? Kuna kitu hujaniambia. Niandikie leo.

Dalmar


Small Heath
Jumapili, 8 Machi 2026

Kaka yangu Dalmar,

Asalaam aleikum. Unisamehe kwa kuchelewa, nilitaka kwanza kulifanya jambo ndipo nikuandikie, maana kukuandikia kabla ya kulifanya kungekuwa maneno matupu.

Ulisema kuna kitu sijakuambia. Ni kweli. Watu wa hapa walidhani Shunpei amesilimu. Wanamwona hali mchana, wanamwona mlangoni pa msikiti, wakajumlisha wenyewe. Wakawa wanaleta futari kwa ajili ya ndugu mpya. Leyla aliniuliza, "Khadijo, kijana ameshasilimu?" nami nikajibu, "Ya moyoni anayajua Mungu." Uliona wapi jibu la namna hiyo? Si uongo na si kweli. Na nilikuwa najua kwa nini nalisema. Wanawake ambao hawakuwahi kuniona tangu nihamie mtaa huu, kwa kuwa mimi ni mfagiaji wa treni, walianza kunishika mikono na kuniambia Mungu amenipa heri kubwa, mtu ameongoka nyumbani kwangu. Tamu, Dalmar. Tamu kuliko hizo kaimati. Nikanyamaza, na huku kijana wa watu akila sahani moja baada ya nyingine, akimeza kibao chake cha mti kidogo kidogo.

Barua yako ilipofika sikulala vizuri. Jana darsa la wanawake lilipokwisha nikasimama. Nikasema, jamani, mgeni wangu si Mwislamu. Ni bondia. Anakonda kwa ajili ya mizani, na asipokonda kazi yake yote imekwisha, na mimi niliwaacha mkidhani vingine.

Kisha bibi mmoja kule nyuma akasema, "Kwa hiyo sambusa zangu za thawabu zimeenda wapi?"

"Tumboni, bibi," akajibiwa, na kicheko kikapasuka.

Leyla hakucheka. Alinitazama sana. "Hajasilimu, na mchana hali?"

"Hali kwa kuwa sisi hatuli."

"Yaani anashinda na njaa kwa adabu tu?"

"Kwa adabu tu."

"Basi ana adabu kuliko wanangu waliozaliwa Waislamu. Hata Dalmar ninayemjua mimi—" ndiyo, anakukumbuka tangu Nakuru— "Dalmar alikuwa akijificha chooni na mkate. Sasa tufanyeje?"

"Tumnyime."

"Kumnyima mgeni? Ramadhani?"

"Leyla, safari hii kumnyima ndiko kumkirimu."

Kaka, ungewaona leo! Mtaa mzima umekuwa polisi. Muuza matunda wa Coventry Road kamkatalia tende, kasema, "Kwako haziuzwi, rudi Machi kumi na nne." Wazee wakimwona anakimbia wanampigia honi. Na sahani ya buluu imekuja magharibi kama kawaida. Ndani, matango na yai moja la kuchemsha. Leyla amelitoa kiini.

Gustave anasema uzani umeanza kushuka. Siku zimebaki chache lakini tutafika, Inshallah. Sasa mimi nimeshasema la kwangu. Je, viza? Nijibu haraka, na unijibu kweli.

Dadako,
Khadijo


Osaka
11 Machi 2026

Abaayo,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ulisimama mbele za watu. Mimi ninakuandikia tu, tena kwa mbali, kwa hiyo yangu ni rahisi zaidi.

Hakuna viza. Nilinyimwa kabla Shunpei hajapanda ndege. Nilijua nikimwambia hangeondoka, maana hajawahi kupigana bila mimi kwenye kona. Ndiyo maana nikasema naisubiri.

Kuna na la pili. Waliotuita hawakumtafuta mshindani. Walitaka mtu mzima mwenye jina zuri na miguu iliyochoka, apoteze vizuri mbele ya watu wa Xavier. Mwenye ukumbi wetu anajua, mimi najua. Nilikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyemwita mwaka huu.

Nakuomba jambo moja gumu. Usimwambie lolote mpaka kengele ya mwisho. Akiuliza "Dalmar?", mwambie nipo njiani. Nijibu kama utaweza.

Dalmar


Osaka
Jumapili, 15 Machi 2026

Khadijo,

Gustave ameandika neno moja tu: "Sare." Nimempigia, sisikii anachosema. Shunpei kanitumia picha ya sahani. Sahani! Tafadhali, nieleze kila kitu.

Dalmar


Small Heath
Jumamosi, 21 Machi 2026

Kaka yangu mpenzi Dalmar,

Asalaam aleikum na Idi njema. Natumai umeipokea Idi kwa afya. Nimekuweka wiki nzima, najua. Kazini walinipa zamu mfululizo, na nilitaka kuandika nikiwa nimekaa.

Nianze na mizani. Ijumaa ile Gustave alinichukua na gari lake nikiwa na funga yangu. Shunpei akapanda, na mshale ukakataa. Kidogo sana, Dalmar, kama uzito wa kikombe cha chai. Wakampa muda mfupi ajaribu tena. Gustave akamrudisha kwenye gari, akafunga vioo, akawasha joto mpaka mwisho. Mimi nikamvika koti langu la baridi, na shuka, na skafu ya Gustave. Jasho halikutoka. Mdomo wake ulikuwa mkavu kama karatasi. Nikaona nikitoka nitamwacha peke yake humo, basi nikakaa. Nikaanza kusoma Yasini kwa sauti. Yeye hakujua nasoma nini, lakini alikuwa anapumua nami, aya kwa aya, na tone la kwanza likamtoka kwenye pua. Gustave akapiga usukani, "Voilà! Petit anavuja!" Akapanda tena. Mshale ukakubali.

Hapo ndipo nilipomwona Xavier. Mtoto wa watu, mbavu nje. Nikamwambia Gustave, "Huyu mbona amekonda hivi, mama yake hampikii?" Xavier akatazama chini, akauma mdomo. Sikulitilia maanani. Laiti ningelitilia.

Sijakanyaga ukumbi wa ndondi tangu siku ile ya Nakuru damu ilipokutoka sikioni. Safari hii nilikwenda. Tulijaza safu nzima, mimi, Iqra, Leyla na wenzake, tukafuturu pale pale kwenye viti kwa tende na maji, watu wakitushangaa. Kengele ikalia. Gustave akaanza: "Kushoto! Kichwa! Rudi!" Na kila akisema kichwa, Xavier kichwa hana. Akisema kushoto, Xavier amekwisha kuziba. Raundi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu Shunpei akala ngumi akapiga goti chini. Leyla akafunika macho. Mimi nikamtazama Iqra, aliyekuwa analia kwa Kiingereza, na hapo ndipo nikashtuka. Nilimkumbuka yule mtoto alivyouma mdomo. Iqra hufanya vivyo hivyo nikimsema kwa wageni! Kila kitu anasikia, hajibu tu.

Nikaacha kiti, nikapita katikati ya watu mpaka nikazuiwa na mlinzi wa ulingoni. "Gustave! Nyamaza! Mtoto anasikia Kiswahili!"

Gustave akaniangalia, akamwangalia Xavier. Na Xavier, kaka, akatabasamu na kinga yake mdomoni. Mama yake ni nesi, Mkalenjin wa Kericho, anaitwa Chepkoech. Siri yako mlikuwa mnaipigia kelele sikioni mwa mwenyewe.

Basi kona ikanyamaza. Gustave hana Kijapani, Shunpei hana Kifaransa. Raundi zote zilizobaki hakuna aliyemwambia kitu. Gustave alimpa maji, akamfuta uso, akamsukuma. Na ni hapo alipoanza kupigana, Dalmar. Sijui majina ya ngumi. Najua alikuwa anaingia chini ya mikono mirefu ya yule kijana kama mtu anayeingia kwake. Raundi ya mwisho Xavier ndiye aliyekuwa anarudi nyuma, na ukumbi uliokuja kumshangilia ulikuwa kimya, safu yetu tu ndiyo ilisikika.

Refa akainua mikono ya wote wawili. Nikadhani tumeshinda, nikapiga vigelegele mpaka Iqra akanivuta nikae. "Mum, ni sare." Sare ni nini? Mkanda unabaki kwa Xavier, lakini hakuna aliyepoteza. Kwangu mimi mtu aliyeitwa apoteze na asipoteze, ameshinda.

Baadaye Xavier alikuja kuniamkia. Akasema kwa Kiingereza chake, mama yangu hupika, anti, ni mizani tu ndiyo haikuruhusu. Nikaona haya, nikamkumbatia.

Sasa lako. Kengele ya mwisho ilikuwa imelia, nikamwita Iqra atafsiri kwa simu, nikamweleza Shunpei yote. Kuhusu viza, akaenda kwenye begi lake, akatoa taulo lako jeupe la kona. Anasema alilikuta siku ya kwanza alipofungua nguo. Mwalimu anayekuja haweki taulo lake kwenye begi la mwenziwe. Alijua tangu Jumanne ile, na bado akawa anauliza "Dalmar?" kila jioni, ili mimi nisijione napokea mtu aliyeachwa. Kuhusu kuitwa kupoteza, alisema karibu kila ng'ambo aliyokwenda aliitwa kwa ajili hiyo. Hiyo ni kazi ya waliomwita, haikuwa yake.

Wewe umeficha, mimi nimeficha, na aliyekuwa anajua yote ni yeye, akitulinda sote.

Jana, asubuhi ya Idi, nilimkuta jikoni amejaa wali mpaka viwiko. Alipika, akafinyanga madonge ya pembe tatu, ndani samaki, akayapanga kwenye kila sahani iliyokuwa juu ya friji. Kisha akapita mlango kwa mlango, anainama, anakabidhi. Yule bibi wa thawabu alionja akasema, "Hauna hata iliki!" halafu akala la pili.

Watu wa Xavier wamekwisha kumwambia Gustave wanataka marudiano, hapa hapa, mwezi wa tisa. Shunpei alikubali kabla Iqra hajamaliza kutafsiri.

Anapanda ndege kesho. Sahani zote zimerudi isipokuwa moja. Ile ya buluu ameifunga ndani ya taulo lako, ameiweka katikati ya begi. Leyla akaja juu, "Khadijo, sahani yangu inakwenda Japani?" Shunpei akainama, akasema kwa Kiswahili kisichotoka kwako, kwa kuwa nilimsikia akijifunza na Iqra tangu alfajiri: "Nitairudisha. Si tupu."

Leyla akalifunga begi kwa mkono wake mwenyewe.

Basi hiyo sahani ikifika ukumbini kwenu, mwonyeshe mwenye ukumbi, akiache kibao cha Shunpei pale pale kilipo. Na wewe anza mapema hiyo habari ya viza, nami nitaomba kila sala. Leyla ameniambia hataipokea mikononi mwa mtu mmoja, anataka muilete wawili. Niandikie haraka uniambie unakuja.

Dadako akupendaye,
Khadijo